Ndege ndogo ya rimoti isiyotii: namna ya kuirekebisha hatua kwa hatua

Ndege yangu ya kwanza ya rimoti ilikuwa na tabia za punda. Ukiiambia ikate kulia, inafikiri kwanza. Ikishaamua, inakata kupita kiasi, na kabla hujairudisha kushoto imeshafika kwenye mwembe. Mwembe wenyewe uko nyuma ya kiwanja tunachorushia hapa Mbale, na umeshakula propela zangu tatu.

Nilifanya kile ambacho wengi hufanya: niliongeza. Nikaweka usukani mpana, sevo (vimota vidogo vinavyosogeza usukani kwa waya) zenye nguvu, na betri kubwa ya kubeba hizo sevo. Ndege ikawa nzito, ikalazimika kwenda mbio ili ikae hewani, na mwembe ikaupiga kwa nguvu zaidi. Ilinichukua miezi kuelewa kwamba kazi hii huanza kwa kupunguza. Toa mchezo, yaani ulegevu, kwenye waya, toa gramu za bure mkiani, sawazisha uzito, ndipo uongeze kibao chochote, yaani kipande kinachosogea kuielekeza ndege. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa hivyo kwa makusudi, kwa hiyo usirukie aileroni, vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoilaza ndege, kwa sababu ndizo zinazoonekana tamu.

Ndege ninayoizungumzia ni ya stairofomu, bawa lina urefu wa mita 1 na upana wa sentimita 16, na uzito wake ukiwa na betri ni gramu 260. Ina mota moja puani, betri ya lipo ya seli mbili, usukani wa mkia wa kukata kulia na kushoto, na eleveta ya kupanda na kushuka. Haina aileroni. Yako ikiwa na vipimo vingine, chukua uwiano, usichukue namba zangu kama zilivyo.

Jambo moja kabla ya wembe. Vyombo visivyo na rubani hapa Uganda viko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, UCAA. Waulize kabla ya kuagiza ndege kutoka nje na kabla ya kuirusha, maana ni rahisi kuuliza kuliko kuukomboa mzigo uliozuiwa. Kambi za jeshi na viwanja vya ndege kaa navyo mbali kabisa, na kamera usiifunge: ukiweka kamera, mchezo umegeuka kuwa maelezo marefu mbele ya askari.

Pima kwanza

Tafuta mizani inayosoma gramu moja moja. Ya jikoni inatosha. Ya sonara ni bora zaidi ukipata wa kukuazima. Pima ndege nzima, kisha betri peke yake, kisha kila kitu unachokusudia kuongeza, na uandike.

Kwa nini gramu zinatuuma sisi kuliko mtu wa Mombasa? Mbale iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Kampala na Entebbe nazo ziko huko huko juu. Hewa ya vitabuni, yaani ya usawa wa bahari kwenye nyuzi joto 15, ina kilo 1.225 kwa kila mita ya ujazo. Huku kwetu, mchana wa nyuzi 27, inabaki kama kilo 1.02. Bawa lile lile lina hewa pungufu ya kuegemea kwa asilimia 17 hivi, kwa hiyo ni lazima liende kasi zaidi kwa karibu asilimia 10 ili libebe mzigo ule ule. Ukipiga hesabu, ndege yangu ya gramu 260 huacha kubebwa ikishuka chini ya kilomita 20 kwa saa. Nilipoifikisha gramu 310 kwa ujuaji wangu, namba hiyo ikawa 22. Kilomita mbili kwa saa zinaonekana si kitu, lakini ndizo zinazotenganisha kutua na kuanguka pale unapokata kona ya mwisho polepole ukiwa na hofu ya mwembe.

Nimejiwekea kikomo: marekebisho yote yasizidi gramu 25.

Hatua ya 1: toa mchezo

Washa rimoti, washa ndege, vijiti vyote viwe katikati. Propela iwe imefunguliwa na kuondolewa. Hilo fanya kila unapofanya kazi mezani, bila ubishi. Sasa shika ncha ya eleveta kwa vidole viwili na uitikise taratibu juu na chini. Inasogea kiasi gani kabla hujahisi sevo inakukatalia? Yangu ilisogea milimita 4. Eleveta nzima, kwa urukaji wa kawaida, inahitaji milimita 8 tu kila upande. Yaani nusu ya amri niliyokuwa natoa ilipotelea njiani, na upepo ulikuwa unaipeleka eleveta unapotaka. Nilikuwa nairusha nusu ya ndege na upepo unairusha nusu nyingine.

Mchezo una makao matatu. La kwanza ni tundu. Waya wa milimita 1 kwenye tundu la milimita 1.5 utacheza tu. Toboa tundu jipya kwa sindano iliyo nyembamba kidogo kuliko waya, kisha uuingize waya kwa nguvu kidogo. Pembe ya kibao, kile kipande kinachoshikwa na waya, tengeneza upya kwa kadi ya plastiki inayobeba laini mpya ya simu. Kata pembetatu mbili, zibandike pamoja, toboa. Ni nyepesi, ngumu, na kila nyumba ina kadi hizo zimetupwa mahali.

Makao ya pili ni waya wenyewe kupinda. Waya mrefu mwembamba hauvuti vibaya, ila ukisukumwa unajikunja kama upinde na kibao kinabaki pale pale. Wengine huukimbilia waya mnene. Usifanye hivyo. Uvishe mwembamba kijiti cha mianzi cha mishikaki, ambacho kina uzito wa gramu moja na nusu hivi, ufunge kwa uzi na tone la gundi kila sentimita 5. Au upitishe kwenye mrija wa peni ya wino uliobandikwa ubavuni mwa ndege. Ukitaka fimbo bora kabisa, mwavuli ulioharibika wenye mbavu za faiba ni hazina. Mbavu zake ni ngumu, na zikipindwa hujinyoosha tena. Mafundi miavuli watakuuzia bei ya bure, mmoja alinipa tatu akidhani nina kichaa.

Makao ya tatu ni mahali waya unapofungwa. Kwenye mkono wa sevo tumia tundu la ndani, lililo karibu na skrubu. Kwenye pembe ya kibao tumia tundu la nje, lililo mbali na bawaba. Watu hufanya kinyume kwa sababu kinyume hutoa mwendo mkubwa, na mwendo mkubwa unapendeza mezani. Lakini ukitumia tundu la ndani kwenye sevo, mchezo uliomo ndani ya meno yake unafika mkiani ukiwa umepungua, sevo inapata nguvu zaidi, na kijiti chote cha rimoti kinafanya kazi badala ya robo yake ya katikati.

Bawaba nazo zikague. Kama kibao kinashikiliwa na stairofomu iliyopondwa tu, kitakuwa kigumu leo na kulegea kesho. Kikate kabisa, ukirudishe kwa selotepu ngumu yenye nyuzi, namna nitakayoieleza kwenye aileroni.

Baada ya hapo rudia kutikisa. Milimita 1 inavumilika, zaidi ya hapo rudi mezani. Ndege nyingi zinazoletwa kwangu zikiitwa mbovu hupona hapa hapa, bila hata gramu 5 kuongezwa.

Hatua ya 2: kitovu cha uzito

Kwa bawa la upana mmoja kuanzia mwanzo hadi ncha, kitovu cha uzito kikae kati ya asilimia 25 na 33 ya upana, ukipima kutoka ukingo wa mbele. Kwa sentimita 16 hiyo ni kati ya sentimita 4 na 5.3. Anzia 4.8, au 4.5 kama bado unajifunza. Weka alama kwa kalamu chini ya mabawa yote mawili, betri ikiwa ndani, kisha uinue ndege kwa vidole viwili kwenye alama hizo. Pua iinamie chini kidogo sana au ikae sawa. Mkia ukishuka, usirushe.

Hapa ndipo mkia unapodai riba. Kitu kilicho sentimita 50 nyuma ya kitovu hudai uzito mara tatu puani, kwa sababu pua iko sentimita 17 tu mbele. Sevo mbili za gramu 9, zile za buluu zinazouzwa na wauza vifaa vya elektroniki, ukizifunga mkiani utalazimika kuweka gramu 54 puani. Zihamishe zije chini ya bawa zivute kwa waya mrefu ulioimarishwa kama nilivyosema, deni limefutika. Ukiweza kupata sevo za gramu 3.7, ndege ya saizi hii haitazikosoa.

Usiongeze risasi wala sarafu puani kabla hujajaribu kusogeza betri. Nilikata sakafu ya chumba cha betri ikasogea mbele sentimita 2, na sarafu zangu nikazirudisha mfukoni.

Hatua ya 3: mwelekeo wa mota

Hii ni fupi. Kama ndege inainua pua kila ukiongeza moto, yaani nguvu ya mota, na kushusha kila ukipunguza, usipambane nayo kwa eleveta. Weka washa (vipete bapa vya chuma) nyembamba nyuma ya mota kwenye skrubu za juu ili mota itazame chini nyuzi 2 au 3. Kama inakimbilia kushoto ukiongeza moto, ielekeze kulia kiasi hicho hicho. Weka washa moja, rusha, angalia, ongeza nyingine.

Hatua ya 4: usukani wa mkia

Sasa ndipo unaruhusiwa kuongeza kibao. Usukani wangu ulikuwa na upana wa sentimita 3, nikauongezea 1.5 kwa kipande cha trei nyeupe ya nyama ya supamaketi. Kilibandikwa kwenye ukingo wa nyuma, selotepu pande zote mbili, gramu moja tu. Mwendo wake uwe milimita 25 kila upande.

Gundi ijaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa. Ile stairofomu nyeupe ya punjepunje, ya maboksi ya televisheni, huyeyuka ikiguswa na supa gluu ya kawaida au gundi ya viatu. Ile laini inayobonyea bila kuvunjika huvumilia supa gluu. Gundi ya bunduki ya moto hushika zote, ila iache ipoe kidogo kabla ya kugusa, na upake kidogo: ni nzito kuliko inavyoonekana.

Kibao kikubwa chenye mchezo hupiga makofi ndege ikienda mbio, brrrr, na mkia unaweza kung'oka hewani. Ndiyo sababu hatua ya 1 ilikuja kwanza.

Hatua ya 5: aileroni

Usukani wa mkia hukata kona kwa kuzungusha pua, kisha mabawa yaliyopinda juu kama V ndiyo yanayolaza ndege. Kuna kuchelewa hapo katikati, na siku ya upepo kuchelewa huko ndiko kunakokupeleka kwenye mwembe. Aileroni huilaza ndege moja kwa moja.

Rimoti yako iwe na angalau chaneli 5, yaani njia tano za amri, na risiva (kipokezi cha rimoti ndani ya ndege) inayojitegemea. Ndege nyingi za bei nafuu zina bodi moja ambamo risiva na sevo vimeunganishwa. Hiyo itabidi iondoke yote.

Chora kibao kwenye ukingo wa nyuma wa kila bawa: urefu sentimita 30, upana sentimita 3.5, kiishie sentimita 2 kabla ya ncha. Kata kwa wembe mpya na rula ya chuma, mara tatu nne kwa wepesi, usikate kwa nguvu mara moja. Kisha chukua msasa usugue ukingo wa mbele wa kibao uinamie nyuzi 45 upande wa chini, ili kipate nafasi ya kushuka bila kugonga bawa.

Bawaba sasa. Rudisha kibao mahali pake, acha upenyo wa nusu milimita, bandika selotepu upande wa juu urefu wote. Geuza kibao kiende juu mpaka kilale mgongoni mwa bawa. Utaona gundi ya selotepu inachungulia kwenye upenyo. Bandika vipande vitatu vya selotepu ndani humo, vishike bawa na kibao. Kirudishe. Kinatakiwa kuning'inia kwa uzito wake mwenyewe bila kukwama. Kikikaa chenyewe hewani umebana mno, rudia.

Sevo ya gramu 3.7 izame kwenye tumbo la bawa, katikati ya urefu wa aileroni. Izungushie selotepu kwanza ndipo uigandishe, ili siku ya kuitoa usiivunje. Mfereji wa waya ukate kwa wembe. Nimeona watu wakiuchoma kwa chuma cha kulehemu. Moshi wa stairofomu si wa kuvutwa, na bawa hubaki na donda pana. Shimo la sevo na mfereji hudhoofisha bawa, kwa hiyo chini yake laza ubavu mmoja wa mwavuli wa faiba kutoka bawa hadi bawa. Wa milimita 3 una gramu 13 hivi kwa mita. Ndiyo kitu kizito kuliko vyote nilivyoongeza, na sijutii.

Ndege iliyopinda sana kama V hupigana na aileroni zake, maana umbo hilo hutaka kuirudisha sawa kila inapolazwa. Punguza mkunjo hadi nyuzi 3 hivi kila upande kwa kukata na kubandika upya pale katikati.

Ya mwisho hapa ndiyo inayosahaulika. Aileroni inayoshuka hubeba zaidi na pia huburuta zaidi, kwa hiyo ukilaza ndege kulia, pua yake inavutwa kushoto. Dawa ni kuifanya inayopanda ipande zaidi ya inayoshuka: milimita 12 juu, milimita 6 chini. Kama kila sevo ina chaneli yake, rimoti itakufanyia. Kama umeziunganisha kwa waya wa Y, yaani zote mbili kwenye chaneli moja, inamisha mikono ya sevo kuelekea mbele ya bawa nyuzi 20 kabla ya kufunga waya, pembe zikiwa upande wa chini. Ukisukuma utapata mwendo mrefu na kibao kitapanda sana. Ukivuta utapata mfupi.

Hatua ya 6: rimoti na umeme

Kwenye menyu ya rimoti weka ekspo (mpangilio wa kulainisha kijiti) ya asilimia 25 hadi 30 kwa eleveta na aileroni, ili katikati ya kijiti pawe papole. Angalia ndege inavyobadilika, maana kwenye baadhi ya rimoti alama ya kutoa na ya kujumlisha zina maana zilizopishana. Kibao kikichangamka zaidi karibu na katikati, umeweka kinyume.

Kisha chezesha vijiti vyote kwa pamoja kwa nusu dakika. Taa ya risiva ikizimika na kuwaka, umeme unaotoka kwenye kidhibiti cha mota haulitoshi jeshi lako la sevo, na ni heri ukajua ukiwa mezani. Antena ya risiva, ile sentimita 3 ya ncha iliyovuliwa ganda, ikae imenyooka mbali na betri. Usiikate.

Hatua ya 7: kiwanjani

Nenda saa moja asubuhi. Kuanzia saa nne jua huanza kuchemsha hewa, na mchana ukimwona mwewe anazunguka bila kupiga bawa ujue hewa inapanda na kushuka ovyo. Mwewe mwenyewe naye si rafiki; yangu ilishawahi kupigwa teke la mgongo.

Kabla ya kurusha, simama nyuma ya ndege. Kijiti kulia: aileroni ya kulia ipande. Kijiti nyuma: eleveta ipande. Usukani kulia: kibao kiende kulia. Sema kwa sauti, watoto wanaokuzunguka wakucheke. Niliwahi kuunganisha aileroni kinyume na kuridhika kwamba "zinacheza". Ndege ilikaa hewani sekunde mbili, ikajigeuza tumbo juu, na kijana mmoja akaniuliza kwa upole, "Anko, ndiyo inavyotuaga?"

Anza kwa kuitupa bila moto juu ya nyasi ndefu, dhidi ya upepo, pua ikiinama kidogo. Iteleze moja kwa moja. Ikiruka juu na kuzama, kitovu kiko nyuma au eleveta imepanda mno.

Ikiwa juu ya mita 40, punguza moto, ielekeze chini nyuzi 45 kisha uachie kijiti. Ikijiinua yenyewe polepole, kitovu kiko sawa. Ikijiinua kwa ghafla, pua ni nzito. Sogeza betri nyuma milimita 5. Ikizidi kuchimba, irudishe haraka, itue, sogeza betri mbele. Halafu, ukiwa bado juu, vuta eleveta taratibu mpaka ipoteze kasi, uone inaangukia upande gani. Afadhali kuijua tabia hiyo pale kuliko mita 3 juu ya ardhi.

Tua betri ikiwa na volti 3.5 kwa kila seli, si chini ya hapo, na ukiihifadhi zaidi ya siku mbili iache kwenye 3.8.

Ukirudi nyumbani, usiizime rimoti kabla hujatazama trimu, vile vitufe vya kusawazisha vibao, zimesogea wapi. Pima kwa rula kibao kimekaa wapi, rudisha trimu katikati, kisha rekebisha urefu wa waya mpaka kibao kirudi pale pale kilipokuwa. Pima ndege tena. Yangu, yenye aileroni na ubavu wa mwavuli, sasa ina gramu 283, na namba hiyo nimeiandika kwa kalamu ya wino chini ya bawa la kushoto, karibu na alama ya kitovu.